Faini ya Mtumbwi

Ikombe, kijiji cha ziwani wilayani Kyela, Jumamosi alfajiri. Mtumbwi umeegeshwa nusu mchangani, nusu majini. Tumboni mwake vyungu vimepangwa, vikatenganishwa kwa nyasi visigongane. Kwenye nyasi hizo imejibanza karatasi yenye mhuri, inanuka dagaa.

CHUNGU: Shikamoo, babu.

MTUMBWI: Marahaba, mjukuu wangu. Tulia hapo, kusi limeanza kuvuma.

CHUNGU: Na huyu anayenuka ni nani?

KARATASI: Ndugu, mimi ni sheria ndogo. Nina mhuri.

MTUMBWI: Ya hapa Kyela?

KARATASI: Ya wilaya nyingine, mbali. Nilifika huku nimefungia dagaa. Ila sheria ni sheria hata ikinuka. Nasema hivi: mama atakayejifungulia nyumbani atatozwa faini.

(Sheria ndogo za namna hii zipo kweli nchini, sikuzitunga mimi.)

MTUMBWI: Afadhali umekuja, nina kesi. Usiku mmoja mtoto alizaliwa humu ndani, hapo hapo ulipolala, katikati ya safari ya Matema. Wapiga kasia wakageuza nyuso, wakawa wanatazama Milima ya Livingstone kana kwamba ndiyo kwanza wanaiona. Sasa niambie: mimi ni nyumbani au ni kituo cha afya?

KARATASI: Una kitanda cha kujifungulia?

MTUMBWI: Nina ubao wa kukalia.

KARATASI: Mkunga aliyesajiliwa kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010?

MTUMBWI: Palikuwa na bibi mmoja na khanga yake.

KARATASI: Basi wewe ni nyumbani. Faini!

CHUNGU: Alipe nani? Mama au upepo?

KARATASI: Upepo hauna anwani.

CHUNGU: Aliyenifinyanga ana mimba ya miezi minane. Alipokuwa akinisugua kwa kokoto, kila akiinama mtoto alinipiga teke kwenye ukingo. Nikadhani nimepata ufa.

KARATASI: Kwa nini asipumzike? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 zenye malipo. Akijifungua pacha, 100. Baba naye ana zake tatu. Na marekebisho yaliyoanza 2025 yamemkumbuka hata mama wa mtoto njiti.

CHUNGU: Zinaombwa kwa nani?

KARATASI: Kwa mwajiri.

CHUNGU: Mwajiri wake ni udongo. Haujui kusaini, na ukikauka haungoji mtu atoke arobaini.

MTUMBWI: Tusiwe wachoyo wa sifa, mjukuu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulihesabu vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukahesabu 104. Na ile namba 115 ya m-mama inapigwa bure, mama mwenye dharura anafuatwa na gari.

KARATASI: Umeona!

MTUMBWI: Nimeona. Ila siku ukiona gari linapiga kasia, niamshe.

KARATASI: Na huduma ya uzazi ni bure. Sera ya Afya ya 2007!

CHUNGU: Unajua leo nauzwa kwa ajili gani? Glovu, pamba, wembe, kibana kitovu na mpira wa kulalia. Ameambiwa aende navyo.

KARATASI: Lakini sera inasema...

MTUMBWI: Sera hakimu haiulizi. Anauliza kifungu. Kifungu cha kumtoza mama ninyi mnacho. Cha kumlazimisha mtu alete glovu kiko wapi? Mkunga akikosea mnamnyang'anya leseni. Aliyemwacha peke yake zamu ya usiku, na tochi ya simu, mnamnyang'anya nini?

KARATASI (kimya kidogo): Mngependa niandikwe vipi?

MTUMBWI: Ligeuze lile neno faini, lielekee ofisini. Vifaa visipofika, alipe aliyepaswa kuvileta. Kijiji cha ziwani kiwe na boti ya wazazi, kwa sheria, si kwa hisani ya mfadhili. Na zile siku 84 zimfikie mfinyanzi na mvuvi, hata kama fedha yake itatoka kwenye mfuko wa umma.

KARATASI: Niandike upande gani? Huku nyuma nina mafuta ya dagaa, wino haushiki.

Kufika saa sita mchana, Chungu alikuwa ameshauzwa Matema, na Karatasi alikuwa amefungia maandazi. Mtumbwi akarudi Ikombe na glovu, pamba, wembe na kibana kitovu. Mpira wa kulalia haukununuliwa, fedha haikutosha.