Kila Mtu Wakili, Mpangaji Hakuna

Ukitaka ugomvi usioisha hapa Liwatoni, Mombasa, usianzishe mambo ya siasa. Siasa tumeizoea, huisha kahawa inapokwisha. Wewe azimisha kitabu.

Mimi niliazimisha riwaya ya John Grisham, The Street Lawyer, ya mwaka 1998. Ni nakala ya mtumba niliyoitoa kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, jalada limegangwa kwa gundi, kurasa zimekuwa rangi ya chai ya tangawizi. Tangu itoke mkononi mwangu, kitabu sina na raha sina. Kila baraza nipitalo kuna jaji ananisubiri na hukumu yake.

Kwa ambao zamu haijawafikia, kisa ni hiki. Michael Brock ni wakili kijana katika kampuni kubwa mjini Washington. Siku moja mtu asiye na makao anaingia afisini mwao, amejifunga kiunoni kitu kinachofanana na baruti, anawashika mateka. Polisi wanampiga risasi, anakufa. Brock anaanza kuuliza maswali, na majibu yanamrudisha kwenye kabati za kampuni yake mwenyewe: ndiyo iliyosimamia kufukuzwa kwa watu kutoka ghala moja kuukuu. Makaratasi yaliwaita maskwota. Kumbe walikuwa wapangaji, wakilipa kodi. Mmoja wao, mama wa watoto wanne, akaishia kulala garini na wanawe usiku wa theluji, na hakuamka hata mmoja. Brock anachukua faili kwa wizi, anaacha mshahara mnono, anakwenda kuwatetea masikini.

Nilitarajia wasomaji wangu waje na macho mekundu. Nani!

Wa kwanza kurudi alikuwa jirani mwenye duka. "Bawabu alikuwa wapi?" akaniuliza kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyemwajiri. "Hapa Mombasa hata ukienda kung'olewa jino waacha kitambulisho langoni, waandika jina, nambari ya simu na saa uliyoingia. Mtu apite na baruti hadi mezani kwa mawakili, wala asiulizwe anakwenda kwa nani? Mwandishi ametudharau." Nikamuuliza je, yule mama na watoto? "Sijafika huko," akasema. Kitabu ameshampa mtu mwingine.

Mtu mwingine huyo alikuwa Bi mmoja auzaye mahamri, msomaji hodari, aliyekisoma usiku na mchana akakimaliza. Yeye kilichomkera ni ndoa. Mke wa Brock yuko hospitali, Brock yuko afisini, hawaonani, mwishowe wanaachana. Nikamwambia kwa upole, "Bi, kitabu kinahusu watu wasio na makao." Akanitazama kama atazamavyo hamri lililokataa kuumuka. "Hao wawili ndio wasio na makao wa kwanza humo kitabuni, mwanangu. Wale wa ghalani walau walikuwa wakila pamoja." Sikupata jibu, na nachukia sana kukosa jibu mbele ya watu wanaosubiri mbaazi.

Kikafika kwa mzee mmoja aliyekuwa karani wa wakili miaka mingi. Huyu nilimtegemea. Akaja amekunja uso. "Hii wataka kuniambia ni riwaya ya sheria? Kesi yafunguliwa, mabwana wakubwa wakaa meza moja, mamilioni ya dola yalipwa, yote kwa wiki chache! Hii ni hadithi ya majini." Na faili nayo ikamuudhi. "Wakili mzima aibe faili! Hapa faili haiibiwi, maalim. Haionekani tu."

Kisha akatupa darasa, na karani mstaafu akianza darasa hakuna anayeondoka. Akatukumbusha kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi. Kilibomolewa Novemba 2011. Wakazi wakaenda mahakamani kwa jina la jumuiya yao, Mitu-Bell. Mahakama Kuu ikawapa ushindi mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ikawapokonya, Mahakama ya Upeo ikatoa uamuzi Januari 2021: watu wasio na ardhi wakijenga makao kwenye ardhi ya umma hawapati hati, lakini wanapata haki ya makazi inayolindwa. Tukashangilia. "Ngojeni," akasema karani. "Halafu ikairudisha kesi Mahakama Kuu, iamue walipwe nini." Kwa mwendo huo Grisham angelazimika kuandika juzuu kumi, na Brock angemaliza akiwa na fimbo ya kutembelea.

Kikaja cha kushangaza. Katika riwaya, karani akatueleza, wanasheria walipigania neno "skwota" kwa sababu moja: mpangaji lazima apewe notisi na asikizwe, skwota anatolewa hivi hivi. Sasa Kenya, tangu sheria ya ardhi iliporekebishwa mwaka 2016, hata asiye na haki ya kukaa hapo anastahili notisi ya miezi 3 kwa maandishi. Juu yake kuna kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya makazi. Kwa karatasi tumeishinda Washington mabao mengi! Baraza likapiga makofi. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza kama tingatinga nalo hujua kusoma. Akaambiwa anyamaze, wazee wanazungumza.

Hapo ndipo mzee mmoja mwenye vyumba vya kupangisha aliposema neno lake. "Hao watu wa ghalani walikuwa na risiti?" Karani akasema hapana, mkusanyaji wa kodi alichukua pesa taslimu, hakuandika kitu. "Basi ni maskwota. Kesi imekwisha." Na watu, wallahi, wakatikisa vichwa kukubali!

Nilitaka kulia. Huyu mzee nyumba anayo, ardhi hana. Ni hadithi ya Mombasa nzima: mtu ajenga nyumba yake kwa jasho lake juu ya kiwanja cha mwingine, kila mwezi alipa kodi ya ardhi, na siku kiwanja kinapouzwa, mnunuzi anaikuta nyumba imekaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Mizizi ya mambo haya ni mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wajitokeze kudai viwanja vyao mbele ya msajili. Waliojua wakadai. Wengi hawakujua, wakalala na ardhi, wakaamka wageni wa wenye makaratasi.

Kwa hiyo nikamuuliza mzee, kwa adabu zote, yeye risiti zake za kodi ya ardhi ziko wapi. Akasema baba yake alikuwa nazo kwenye mkebe wa biskuti. Na za mwaka huu? Mwaka huu hutuma pesa kwa simu. Kwa nani? Kwa kijana wa mkusanyaji wa enzi za baba yake. Na mwenye ardhi ni nani? Akanyanyuka, akasema chai inapoa. Chai alikuwa ameshaimaliza.

Hiki ndicho kinachonikera kwa wasomaji wa mtaa huu. Wote wamekisoma kitabu wakijiona Michael Brock. Mwenye duka ni Brock aliye macho zaidi, Bi ni Brock anayejua kutunza nyumba, karani ni Brock mwenye vifungu. Hakuna hata mmoja aliyejiona ghalani. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 iliwahesabu watu 46,639 Kenya nzima, na 7,529 kati yao Mombasa. Nilipotaja hesabu hiyo, mtu akanifariji kwamba hapa walau hakuna theluji. Kweli. Kuna masika ya Mei, kuna mbu, na kuna askari wa kaunti anayekuamsha kibarazani kwa rungu kabla ya adhana. Lakini theluji hakuna, alhamdulillahi.

Karani ndiye aliyefunga mjadala, akikung'uta kanzu yake. "Siku tingatinga likija huku, msije kwangu na maoni. Njooni na karatasi."

Barazani tulikuwa watu tisa. Kila mmoja akapapasa mfuko. Zikatoka simu tisa.