Anatafutwa Mzee Mzima

Mwezi uliopita niliamua kumkatia mama bima ya afya. Nasema "niliamua" kujipa heshima tu. Ukweli ni kwamba niliamuliwa. Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia tuko saba. Maoni yakaja saba, hela ikaja ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayewaandikia.

Kwanza tulijaribu njia ya mkato. Dada yangu ni mwalimu. Kila mwezi anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), na mwajiri anaongeza 3 nyingine. Kwa makato hayo anaruhusiwa kuandikisha mume wake na wategemezi wanne, hata wazazi wamo. Nikampigia: "Dada, mama si umemwandikisha?" Kimya. Kumbe ana watoto wawili, na nafasi mbili zilizobaki kawapa baba mkwe na mama mkwe. Nilitaka kuwaka, nikakumbuka kwamba na mimi nina mama mkwe, na mke wangu huisoma safu hii kabla yenu.

Basi nikaenda kampuni moja binafsi, jina nalihifadhi. Akanipokea kijana mwenye tai na tabasamu la kukopesha. Akanitandazia vipeperushi mezani: shaba, fedha, dhahabu, almasi. Nikadhani nimekosea mlango nimeingia kwa sonara. Kila picha ina babu na bibi wenye meno yote, wanakimbizana ufukweni.

"Mama ana umri gani?"

"Sabini na moja."

Tabasamu likapungua.

"Ana ugonjwa wowote wa muda mrefu?"

"Presha. Na sukari kidogo."

Likaisha kabisa.

Nikaelezwa kwamba mwisho wa kupokea mteja mpya ni miaka 65. Aliyepitiliza ana kifurushi chake maalumu, na umaalumu wenyewe uko kwenye bei: mara tatu ya ningelipa mimi. Presha na sukari ni magonjwa aliyokuja nayo, kwa hiyo yatasubiri mwaka mmoja. Niliuliza kama yameshakubali kusubiri, hakucheka. Mtoto wa jicho naye ana foleni yake. Meno na miwani ni nyongeza. Kutibiwa na kurudi nyumbani kuna kikomo kidogo. Mamilioni yote yako kwenye kulazwa. Yaani mama akianguka kwa presha, atalala chumba cha peke yake chenye runinga. Kidonge cha kumzuia asianguke, ajinunulie.

Kwenye kundi, mdogo wangu akatoa ushauri: "Kwani lazima uandike anaumwa?" Nikampigia picha maandishi madogo yaliyo juu ya sehemu ya kusaini: ukificha ugonjwa, siku ya kudai hulipwi. Akajibu kwa kidole gumba.

Nikamleta mama mwenyewe kutoka Muheza. Akaja na mfuko wa rambo, ndani yake kopo la Blue Band lenye vidonge, na daftari lake la kliniki, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kurasa zimejaa vipimo vya presha tangu mjukuu wake wa kwanza hajaanza darasa la kwanza.

"Shikamoo bibi," akasema kijana.

"Marahaba. Mjukuu wangu, hiki kikadi Muheza wanakipokea?"

Kijana akapekua orodha. "Tanga mjini, bibi."

"Nauli ya Tanga mnalipa nyie?"

"Hapana, bibi."

"Na hivi vidonge vyangu vya kila mwezi?"

"Kuanzia mwakani."

"Na nisipoumwa mwaka mzima, hela mnanirudishia?"

"Hairudi, bibi."

Mama akafunga kopo lake. "Basi nyie mnatafuta mzee mzima. Mkimpata, mniite. Nimekaa mjane miaka tisa."

Tukaondoka. Njiani nikahesabu: mimi nilikuwa nimeuliza maswali kumi na nane, yote kuhusu dhahabu na almasi. Mama aliuliza manne, akamaliza kazi.

Sasa mama amerudi Muheza na kitambulisho chake cha wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na inataka asiye na uwezo atibiwe bure. Dirisha la wazee lipo. Siku dawa haipo, tunanunua kwa mchango wa kundi, ambao nao una muda wake wa kusubiri. Mwaka 2023 tukapata na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mama anasema ataisubiri, maana kusubiri ameshafundishwa.

Mimi, kwa miaka yangu 52, nilirudi kwa yule kijana kujikatia yangu. Tabasamu likarudi, hadi aliponipima: 160 kwa 100.

Wewe wa miaka 40 unayecheka, kata bima wakati bado wanakutaka. Na ukiwa unamkatia mzazi, weka kipeperushi kando, uliza kwanza maswali ya mama: inapokelewa karibu na kwake, na inalipa vidonge vyake kuanzia lini? Chumba chenye runinga kinaweza kungoja.