Sataranji ya Waheshimiwa

Katika utumishi wote ambao mtu huweza kutwishwa bila ujira wala shukrani, kama vile kugawa nyama ya harusi, kuamua ugomvi wa wake wenza na kushika fedha za chama cha kuzikana, sijui kama upo ulio mzito kuliko kuwatengenezea mabalozi na ahali zao mashindano ya sataranji. Mchezo wenyewe hauna lawama. Ulizaliwa Bara Hindi, ukalelewa Uajemi, ukasomeshwa Baghdad, na kila ulikopita uliwafundisha watu kwamba mfalme akibanwa hana pa kukimbilia, hata awe na hazina ya namna gani. Lakini mabalozi ni watu waliosomea jinsi ya kumtoa mfalme aliyebanwa bila mtu yeyote kukiri kwamba alikuwa amebanwa. Elimu hizo mbili zikikutana juu ya meza moja, usistaajabu kwa yatakayozuka.

Matamba yetu ni mji mdogo wa Makete, mkoani Njombe, ukingoni mwa uwanda wa Kitulo, na ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Wenyeji tangu kabla ya hapo walikuwa wakiuita uwanda huo Bustani ya Mungu. Maua hayo huchanua katika miezi ya masika, ambayo ndiyo miezi ya matope na ukungu, kana kwamba Muumba alitaka kupima nani anayapenda kwa dhati. Basi kundi la waheshimiwa kutoka balozi mbalimbali za Dar es Salaam lilipoleta habari kwamba litakuja kuyatazama, pamoja na wake, waume na watoto, na kwamba usiku lingependa burudani isiyokuwa na makelele, uchaguzi uliniangukia mimi, mwalimu mstaafu, kwa sababu moja tu: nilikuwa na mbao za sataranji. Katika mji ambao kila kijiwe kina drafti ya vizibo vya soda, mwenye sataranji hudhaniwa kuwa na elimu kubwa aliyoificha.

Fadhaa ilianza kabla ya wageni kufika. Njia ya kutoka Chimala, penye barabara kuu iendayo Zambia, huukwea mlima kwa kona 57, na kwa hiyo huitwa Hamsini na Saba. Kona hizo hazimwulizi mtu hati yake ya kusafiria. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, katika kifungu cha 16, umeamuru kwamba wakuu wa balozi watangulizane kwa kufuata siku na saa ambayo kila mmoja alishika kazi yake. Lakini lori la viazi lililokuwa likishuka katika ukungu halikuwa limeusoma mkataba huo, likawatanguliza liliowapenda na kuwazuia liliowapenda. Balozi wa siku nyingi kuliko wote aliwasili wa mwisho, leso mdomoni na rangi ya uso imempotea, akamkuta katibu wa tatu, ambaye cheo chake hakikumruhusu hata kutangulia mlangoni, amekwisha kunywa vikombe viwili vya chai na kuchagua kiti kilichokaribiana na jiko la mkaa. Jambo hilo halikusemwa kwa ulimi, ila lilisemwa kwa nyusi mpaka usiku wa manane.

Nilikusudia kuwapanga wachezaji kwa mtindo wa Uswisi, uliojaribiwa mara ya kwanza mjini Zürich mwaka 1895, ambao humkutanisha kila mtu na mwenziwe aliyelingana naye kwa alama, wala haumtoi mtu mashindanoni kwa kushindwa. Nilipoutaja tu, mheshimiwa mmoja alitaka kujua kwa adabu kubwa ni kwa msingi gani nchi hiyo imependelewa peke yake. Nikajibu kwamba ni jina tu. Akasema kwamba katika kazi yao hakuna kitu kiitwacho jina tu. Kura ya mzunguko wa kwanza nayo, kwa hiana yake, iliwaweka meza moja wawakilishi wa nchi mbili zilizokuwa hazisalimiani, ikalazimu kumtafuta mpatanishi, naye akakaa katikati akipokea kila hatua kwa huyu na kumfikishia yule, hali wote wawili waliiona mbele ya macho yao.

Mimi nilipendelea watoto wapewe meza zao wenyewe, lakini mama mmoja alisimama akatukumbusha habari za Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa mchezo huu na Robert Katende, akaiwakilisha Uganda katika Olimpiki za sataranji, hata Wamarekani wakatoa filamu ya maisha yake mwaka 2016. Kama Katwe haikumzuia mtoto yule, alisema, haifai azuiwe mtoto mwingine na ratiba ya mwalimu mstaafu. Watoto wakaingizwa, na hapo ndipo uzuri na msiba wa usiku ule ulipoingia pamoja.

Wakubwa walicheza kwa ustaarabu uliokithiri. Kanuni ya ukigusa umecheza iliwatia wahaka, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyezoea kutenda jambo bila kwanza kuandikia wizara yake na kungoja jibu. Mmoja alikaa na kidole juu ya farasi wake kwa muda ambao mke wake aliutumia kumaliza sahani ya njegere. Aliyeona nafasi ya kumla malkia wa mwenziwe alimwomba radhi, na aliyeombwa radhi alishukuru kwa moyo huo wa ushirikiano, kisha wote wawili wakashikana mikono na kutangaza suluhu. Najua kwamba suluhu si aibu katika mchezo huu: Karpov na Kasparov walipogombea ubingwa wa dunia mjini Moscow tangu mwaka 1984, walicheza michezo 48, na 40 kati ya hiyo ikaisha kwa suluhu, mpaka rais wa shirikisho la dunia akausimamisha ugomvi wao Februari 1985. Lakini mabingwa wale walifika kwenye suluhu wamechoka taabani. Waheshimiwa wangu waliifikia kabla vitunda havijavuka nusu ya ubao.

Watoto hawakuwa na siasa hiyo. Mvulana mmoja, malkia wake alipoliwa, alimrudisha ubaoni kwa hoja kwamba baba yake ni mwanadiplomasia, mwenye kinga ya kutokamatwa, na kwamba kinga hiyo huwafunika na watu wa nyumbani mwake. Nilimtazama baba ili anisaidie. Baba akanong'ona, kwa fahari asiyoweza kuificha, kwamba mtoto amenukuu sawasawa, kifungu cha 37.

Pigo kubwa lilitoka jikoni. Seti moja ilikuwa imepungukiwa na askofu mweupe, na mahali pake nilikuwa nimesimamisha kiazi kidogo nilichokichonga kichwa kwa kisu. Kijana wa jikoni, mwenye bidii kuliko udadisi, alipita akikusanya vikombe, akaona kiazi kimesahauliwa mezani, akakirudisha kwa wenziwe. Nilipogundua nilipiga ukelele kuuliza aliko askofu. Naye kijana, kwa kuwa mvua ilikuwa ikitwanga bati na hapana aliyemsikia mwenziwe, alijibu kwa sauti ya kuvuka bonde kwamba askofu amekwisha kaangwa. Waliokuwa wakichungulia dirishani hawakungoja ufafanuzi. Haikupita nusu saa tukapokea akina mama wa kwaya, wamejifunga kanga na kushika miavuli, wamekuja kuuliza msiba uko wapi na kama ni kweli kwamba wageni ndio waliofanya hivyo.

Walipokwisha kutulizwa kwa chai, ilibaki mushkeli ya kisheria. Askofu aliyekaangwa, je, amehesabika kuliwa? Upande mmoja ulisema ameliwa kwa hakika, maana sahani ilikuwa tupu. Upande wa pili ulisema hakuliwa na adui, hivyo ni wa kuhesabiwa kuwa likizoni. Iliundwa kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikatoa tamko la pamoja lililoeleza masikitiko bila kumtaja mpishi.

Hesabu ilipofanywa, waheshimiwa karibu wote walikuwa na nusu alama kwa kila mzunguko, na binti mmoja wa miaka tisa, ambaye hakuna aliyemweleza kwamba kushinda si adabu, alikuwa na alama 5 kati ya 5. Zawadi ilikuwa gunia la viazi, ambalo mwambata wa biashara alilizunguka mara mbili kuhakikisha kwamba halina lumbesa. Tatizo likawa kulishusha Chimala, kwa sababu gari lenye bendera, kama baba yake alivyomfafanulia, halibebi viazi.

Asubuhi binti alimwendea dereva wa lori, akamwamkia shikamoo kama alivyofunzwa, akamwomba ambebee gunia lake. Dereva alikuwa amekaa na vizibo vyake vya soda akingoja ukungu uinuke. Akaitikia marahaba, akasema ataka nusu ya gunia, au wacheze drafti, na binti akishinda litabebwa bure. Binti alikaa kwa kiburi cha mtu aliyewalaza mabalozi. Dereva akamtegea kizibo kimoja, akamla vitatu, akaingia kingi, akaondoka na vilivyobaki pasipo kuomba radhi hata mara moja. Baba, aliyekuwa amesimama kando, alikohoa kidogo na kumpendekezea dereva kwamba pengine pande zote zingeweza kukubaliana suluhu.

"Kwa heshima yako, mheshimiwa," dereva akamjibu, huku akilifungua gunia, "mwenye kingi haombwi sare."