Sifa za Kufa Kiume

Kufungwa mabao matano ni msiba. Shabiki huzima simu, hurudi nyumbani kwa njia za uchochoroni, na jezi huiloweka kwenye beseni mpaka watani wachoke kuiulizia. Wa Simba wanaujua msiba huo tangu 5 Novemba 2023, walipochapwa 5-1 na Yanga. Wa Yanga wanaujua tangu 6 Mei 2012, walipolala 5-0. Hapo hapana mjadala, kuna kimya tu. Lakini kufungwa kidogo, kwa bao moja au kwa upungufu wa bao lisiloonekana, ni neema, na Watanzania wameipa jina lake: kufa kiume.

Fadhila kubwa ya neema hii ni elimu.

Itazamwe fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwaka 2023. Mei 28, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga iko nyuma kwa bao moja mbele ya USM Alger. Dakika ya 82 Fiston Mayele anasawazisha. Kwenye vibanda umiza watu wasiojuana wanakumbatiana. Dakika mbili baadaye, wengine hata hawajaachiana, Islam Merili anafunga: 2-1. Juni 3 Yanga inakwenda Algiers, Djuma Shaban anatia penalti mapema, mchezo unaisha 1-0. Jumla 2-2, na kombe linabaki kwa Waalgeria, kwa kuwa wao walifunga mawili ugenini na Yanga moja.

Tangu usiku ule, mtu aliyekimbia hesabu darasa la sita amekuwa mwalimu wa kanuni ya bao la ugenini. Anajua kwamba UEFA iliifuta mwaka 2021. Anajua kwamba huko Ulaya, bila kanuni hiyo, jumla ikiwa sare huchezwa dakika 30 za nyongeza, na kwa kuwa Afrika hawakuzicheza, anazicheza mwenyewe kijiweni. Kashata ni mabeki, vikombe vya kahawa ni viungo, kiberiti ni Mayele. Yanga haijawahi kupoteza nyongeza hizo hata jioni moja. Juzi ilishinda 3-0, na muuza kahawa akadai alipwe kashata mbili zilizoliwa baada ya kupewa kadi nyekundu.

Kufa kiume kunafundisha jiometri pia: Aprili 5, 2024, huko Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa panya, likadunda chini, VAR ikakataa, Mamelodi Sundowns wakapita kwa matuta 3-2, na mpaka leo mstari ule unapimwa kwa vidole kwenye skrini za simu zilizopasuka. Kunafundisha jiografia. Kunapunguza usingizi, na hivyo kuongeza saa za kazi.

Jina lenyewe tu ndilo lina kasoro. Wanawake wa Twiga Stars walipofungwa 1-0 na Mali, Julai 2025, waliozoea kusifu vifo vya kiume walikosa la kusema.

Wanaonufaika zaidi, hata hivyo, si watu wa kijiweni. Baada ya zile 5-1, kocha wa Simba, Robertinho, hakumaliza wiki. Kipigo kikubwa kinadai kichwa cha mtu. Kipigo chembamba hakidai chochote: msemaji anashika kipaza sauti, anasema vijana wamepambana, anasema tumejifunza, na kabla swali la pili halijaulizwa anatangaza jezi mpya. Agosti 22, 2025, Taifa Stars walitolewa na Morocco 1-0 kwenye robo fainali ya CHAN, nyumbani, Mkapa palepale. Kesho yake mjini hapakuwa na maneno mapya. Tumekufa kiume.

Sasa mwandishi wa safu hii, aliyeahidi kusifu tu, anaomba aulize jambo moja. Nani alikuwa anamkaba Merili? Timu imesawazisha, zimebaki dakika nane, uwanja mzima uko upande wake: nani alitoka nafasi yake, na nani kwenye benchi alipaswa kumpigia kelele arudi? Shabiki aliyelipa tiketi na nauli ya basi kutoka Mbeya alipewa pole, pongezi na ahadi ya msimu ujao. Jibu hakupewa. Badala yake timu ikaalikwa chakula cha jioni Ikulu, na aliyeshiba haulizwi kuhusu dakika ya 84.

Kanuni ya bao la ugenini haina chuki na Afrika Mashariki. Mwaka 1987, fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, Gor Mahia walitoka 2-2 na Espérance jijini Tunis, wakatoka 1-1 Nairobi. Jumla 3-3. Wakenya walikuwa na mawili ya ugenini, Watunisia moja. Kombe lilibaki Nairobi.