Sifa za Mchwa wa Masijala

Simba amesifiwa vya kutosha, ana hadi timu ya mpira. Mimi leo namsifu mchwa, mtumishi wa umma asiyedai posho wala likizo, na ambaye zamu ya usiku haijapata kumnunisha.

Sitakaa sana kwenye mambo yake madogo: kwamba njia za hewa za kichuguu chake zilimfunza mbunifu Mick Pearce alipochora jengo la Eastgate kule Harare, lililofunguliwa 1996, kwamba wapo mchwa wanaolima uyoga wao wenyewe gizani, kwamba mvua zikinyesha tunaletewa kumbikumbi tukaange. Fadhila yake kuu ni usomi.

Wapo wasemao mchwa anakula faili. Huko ni kumvunjia heshima. Mchwa hupitia faili. Huingia kwa nyuma, penye ukuta, akajijengea ujia wa udongo asisumbuliwe na mwanga, kisha akaanzia kurasa za ndani kabisa. Gamba la nje haligusi. Hubaki limesimama na namba yake na muhuri wake mpaka siku mtu alifungue. Tena anachagua. Kwenye faili la kiwanja changu, barua za kunidai kodi ya pango la ardhi zimo zote, hazina hata tundu. Risiti hazimo. Barua ya toleo ameisoma kwa makini, hasa penye sahihi ya ofisa. Ramani ameiacha upande wa jirani. Na huyu ni mfanyakazi kipofu! Asiyeona atatofautishaje deni na malipo, kama si kipaji?

Wamarekani nao wana mdudu wao, nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta huko Harvard, Septemba 1947. Walimbandika daftarini kwa utepe. Wa kwetu huwezi kumbandika daftarini, maana daftari limo ndani yake.

Kisha tukatangaziwa kwamba kila kitu sasa ni kidijitali. Nikamhurumia mchwa, kumbe alishaacha mrithi. “Mzee, mfumo uko chini.” Siku nyingine: “Mfumo haujasoma malipo yako.” Mfumo huohuo, wakati wa kutoa namba ya malipo, una afya tele. Ukishalipa ndipo unapougua.

Lakini nimelipa! Ujumbe upo kwenye simu, fedha imetoka, na tozo ya kuchelewa inaendelea kuhesabiwa. Hiyo haijawahi kukosa mtandao. Binti wa dirishani ameuona ujumbe, ananionea huruma kabisa, ila hawezi kufanya lolote, kwa kuwa mwenye kosa ni mfumo, na mfumo hauandikiwi barua ya karipio. Mchwa naye hakuandikiwa. Sijasikia mtu akiulizwa kwa nini rafu za masijala ziliegemezwa kwenye ukuta wenye unyevu, wala fedha za dawa ya mchwa zilikwenda kuua nini.

Afadhali hata mchwa. Ana malkia, na malkia ana anwani: chimba kichuguu utamkuta humo, mnene, hawezi kukimbia. Mwenye mfumo nimemtafuta. Chumba namba nane wakanielekeza namba tatu. Namba tatu kuna koti kwenye kiti, na mwenzake akanihakikishia kwamba mwenye koti yupo kazini, ametoka kidogo tu.