Sori Bila Kosa

Siku ya kwanza ya masika, bosi wetu Mchina aliteleza kwenye ubao tuliokuwa tumeulaza juu ya mtaro, akazama kwenye tope hadi kiunoni. Vibarua arobaini na ushee tuliokuwa hapo tukasema kwa pamoja, kama kwaya iliyotoka mazoezini: "Sori!"

Alipotoka hakujipangusa kwanza. Alitukagua mmoja mmoja, kisha kidole chake chenye tope kikatua kwangu, kwa kuwa nilikuwa karibu zaidi na ubao na sori yangu ndiyo iliyotangulia. Kiingereza chake kilikuwa cha kudonoadonoa, kama changu. Alitaka kujua kwa nini nimemsukuma.

"Sijakusukuma, bosi."

"Umesema sori."

"Nimesema sori, lakini si mimi."

"Basi ni nani?"

"Hakuna mtu."

"Wote mmesema sori!"

Sasa kaa wewe umweleze mtu aliyejaa tope kwamba watu arobaini wamemwomba radhi kwa kosa ambalo halikutendwa na yeyote. Nilijaribu. Mwisho wake nilikatwa malipo ya nusu siku, na wale waliosema sori kwa sauti ya chini, wajanja wale, hawakukatwa hata shilingi.

Kwetu ni Kisumu Ndogo, kimoja kati ya vijiji vya Kibera, na jina hilo hatukupewa na serikali. Tulikuja nalo wenyewe kutoka Nyanza, pamoja na omena. Reli iliyofika Kisumu yenyewe mwaka 1901 inapita hapa hapa Kibera, kwa hiyo mtu akizidiwa na hamu ya nyumbani husimama kando yake akatazama upande ambako ziwa liko. Ziwa letu sisi huja Aprili, likakaa vyumbani siku mbili tatu, halafu likaondoka na viatu.

Kwa watu wa huku, sori haina haja ya kujua mwenye kosa ni nani. Ukijikwaa kwenye reli, sori. Chai ikikumwagikia, sori. Mvua ikikunyeshea kutoka stejini mpaka mlangoni, sori. Mama wa omena akipiga chafya akiwa na karai kichwani, atavuna sori tatu kabla hajafika kwenye kona. Timu yetu ya Gor Mahia ikifungwa, sori husemwa kwa macho tu, maana mdomo hauwezi. Ni pole iliyovaa suti ya Kiingereza, basi.

Na Waingereza wenyewe ukiwabana, hilo neno lao lilianzia kwenye maumivu. Ni ndugu wa sore, yaani kidonda. Wao wamelipeleka mahakamani likawa la kukiri makosa, wakabakiza kidogo tu kwa ajili ya matanga. Sisi wa Kisumu Ndogo ndio tunaolitumia kwa haki yake. Hili nalisema kwa furaha kuliko linavyostahili, kwa sababu mwalimu wangu wa darasa la saba alinikata alama mbili kwa ajili yake.

Jioni ile nilimweleza mpwa wangu yaliyonipata. Yeye anasoma Kichina katika Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Nairobi, ile iliyofunguliwa 2005, ya kwanza Afrika nzima. Tangu aanze masomo hayo nyumba haina amani. Anasema mai ni kununua na mai ni kuuza, tofauti ni namna unavyoinua au kushusha sauti, na mimi nimemwambia kwamba kwa lugha hiyo asithubutu kwenda soko la Gikomba. Lakini siku hiyo alinisaidia. Alifungua simu akanionyesha kwamba Mchina akitafuta sorry kwenye kamusi yake hupewa duibuqi, na duibuqi ukilichambua kipande kwa kipande ni kama kusema "siwezi kukutazama usoni". Yaani nimekukosea, uso wangu sina pa kuuweka. Wana pia buhaoyisi, la aibu ndogondogo kama kumkanyaga mtu kwenye foleni. Lakini kamusi ilimpa lile zito.

Nikamwona bosi kwa jicho jipya. Mtu ametoka shimoni, hajui nini kimemtupa, na watu arobaini wanamwambia kwa mpigo mmoja kwamba hawawezi kumtazama usoni. Mimi ningeita polisi.

Kesho yake, wakati wa chakula, nilimfuata kibandani. Yeye na sahani yake ya chapati na maharagwe, mimi na mpango wangu wa kurudishiwa nusu siku. Nilianza na polepole, kwa sababu hiyo wageni wote wanaijua. Ni neno la pili wanalojifunza wakishuka ndege, la kwanza likiwa haraka. Akaitikia: "Manman." Kumbe nao wanarudia! Man ni taratibu, manman ni taratibu zaidi. Nikamwambia na Kijaluo chetu ni hivyo hivyo: mosmos. Kijaluo na Kiswahili hawana undugu wowote, Kichina ndiyo usiseme, lakini wote watatu wakitaka mtu asikimbie humwambia mara mbili.

Hapo ndipo nilipojiona profesa. Nikamwonyesha kwamba mosmos ukiikata katikati unabaki na mos, na mos ni pole; polepole ukiikata katikati unabaki na pole. Akaikata manman katikati, akabaki na taratibu tu, akanitazama kama mtu aliyeuziwa mayai mabovu. Hesabu ilikataa kwa upande wake. Nikahangaika na mifano: mgonjwa, pole. Msiba, pole. Safari ndefu, pole. Na jioni, mtu akitoka mjengoni na mgongo umemuuma, unamwambia pole na kazi.

"Ah!" Aliweka chapati chini. "Xinku le!"

Mpwa wangu, niliyempigia simu papo hapo kwa gharama yangu, alithibitisha. Xinku ni ukali na uchungu pamoja, kama mtu aliyetafuna pilipili akateremshia shubiri. Kwa Kichina unamwambia mtu aliyefanya kazi: xinku le. Pole na kazi, kwa matumizi yake, haipungui haizidi. Kiingereza hakina kitu kama hicho; Mwingereza akikukuta umechoka atakuuliza siku yako ilikuwaje, kisha hasubiri jibu.

Nikaduwaa kwa jinsi tulivyopotezeana wakati. Beijing wametangaza kwa Kiswahili redioni tangu 1961, wana watangazaji wanaotofautisha pole na samahani kuliko mimi niliyezaliwa nayo. Pole na xinku le zilikuwa tayari majirani. Lakini mimi na bosi tulikuwa tumekodi nyumba ya mtu wa tatu ili tukutane humo kusalimiana, na nyumba yenyewe inavuja.

Nusu siku yangu ilirudi. Urafiki ukaja juu yake. Jumapili nikamwalika kwangu kula samaki. Alimwambia mtu wa boda "Kisumu Ndogo", akapelekwa Kisumu Ndogo. Ya Korogocho. Maana hata hilo jina tunalo mara mbili, huku na kule, na mtu wa boda hulipwa kwa kufikisha, si kwa kuuliza. Saa nzima tulisema kwenye simu kwamba kila mmoja wetu amefika. Mwishowe akaniambia nisijali: familia asiyoifahamu imemwambia sori, ikamkaribisha, na anakula.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja, siku ya malipo, mimi nilikuwa nimetumwa tangini kuchota maji. Kwa hiyo yaliyofuata nayasimulia kama nilivyosimuliwa, nikichanganya na yale niliyoyasikia nikiwa nakuja mbio na mtungi. Bosi alisimama juu ya rundo la kokoto. Alitaka kutushukuru kwa wiki ngumu ya mvua. Alitafuta xinku le, akakumbuka pole na kazi, akaona heshima zaidi aiseme kwa lugha ya ofisini. Akaifasiri.

"Everybody," alisema, mikono ameikutanisha kifuani. "Sorry for job."

Kimya kikatanda. Halafu koleo likaanguka. Halafu la pili.

Uniambie, kibarua yeyote Nairobi akisikia maneno hayo siku ya malipo ataelewa nini? Mmoja aliuliza kama malipo yamo au nayo ni sori. Mwingine alivua gambuti zake pale pale akamuuzia mpita njia kwa bei ya kutupa, maana alishawahi kuchekewa na kampuni nyingine hivyo hivyo na hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu. Mama wa kibandani, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alikuja na daftari lake la madeni limefunguliwa ukurasa wangu: shilingi mia tatu na ishirini, na chapati moja aliyoiongeza, nadhani, kwa hasira. Watu wakapaza sauti. Bosi akaona wameguswa. Akainama kidogo, akapaza na yeye: "Sorry! Very sorry for job!"

Nilipofika nilikuta mnyapara amepanda juu ya pipa. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kijaluo, nikaeleza kwa mikono. Nikasema hakuna aliyefutwa, ni pole na kazi iliyopitia Uingereza ikarudi imebadilika sura. Ikabidi bahasha zigawanywe ndipo niaminiwe. Kisha swali likaja, na lilikuwa la haki: nani alimfundisha?

Yule wa gambuti hakutaka pesa. Alitaka gambuti. Nikamvulia zangu.

Jumatatu nilifika kazini kwa akala, mvua inanyesha. Asubuhi hiyo tulikuwa tumekula kiapo, wote, kwamba mbele ya bosi neno sori halitasikika tena. Atakayeteleza ateleze kimya, na atakayeona aone kimya. Saa tatu hivi bosi akaja na karatasi zake, akapita kwenye ubao ule ule, na ubao haukuwa umesahau. Mguu mmoja ukaingia topeni hadi gotini.

Hakuna aliyepumua. Bosi naye hakutoka. Alisimama vile vile, mguu juu mguu chini, akitutazama, akingoja. Tukatazama mvua.

"No sorry?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na uchungu kuliko siku ile ya kwanza.

Wa kwanza kuvunja kiapo alikuwa yule mwenye gambuti zangu.