Alivyotuzungusha Shangazi Italia

Kwa Mama, Ami na wote mnaokaa barazani hapo Malindi,

Sisi huku Munich tu wazima, ila baridi imeingia mpaka kwenye meno. Najua Shangazi keshawahadithia safari yetu ya Agosti, na nasikia kila akihadithia Italia inazidi kuwa kubwa. Naandika ili mpate na upande wa pili.

Tuliondoka na gari la shemeji, tukapita Austria, tukavuka milima pale Brenner, tukaingia kwenye barabara kuu ya Wataliani: ukiingia unachukua tiketi, ukitoka unalipa. Shangazi alikaa mbele, mkalimani. Kiitaliano alichokipata kwa kuwapikia watalii hapo Malindi ni cha jikoni na cha ugomvi. Kuuliza njia kwa upole hawezi, lakini kila alipouliza tulionyeshwa.

Verona kuna uwanja wa Warumi wenye karibu miaka 2,000, na hadi leo kila kiangazi huimbwa opera humo. Shangazi hakuutazama mara mbili. Alitaka roshani ya Juliet. Nikamweleza kwamba Juliet ni mtu wa hadithini, na roshani yenyewe ilibandikwa kwenye nyumba inayoitwa yake karne ya 20. Hakusikia, kwa sababu alikuwa ameshaiona sanamu. Chini ya roshani kuna sanamu ya shaba ya huyo binti, na watalii wanapanga foleni kumshika titi la kulia, eti wapate bahati ya mapenzi. Wameshika mpaka sanamu ya kwanza ikachakaa, na mwaka 2014 ikabidi iondolewe iwekwe nakala. Shangazi alivuta uradi kwanza, kisha akamfuata mlinzi na kumuuliza kama huyu msichana hana kaka.

Florence ndipo alipong'ara. Kuba la kanisa kuu lilikamilika mwaka 1436, na fundi Brunelleschi alilijenga bila fremu ya mbao ya kulishikilia kutoka chini. Lakini kanisani humo mabega wazi hayaingii. Mbele yetu alikuwa binti wa Kimarekani aliyevaa kifulana cha mikanda miwili, mlinzi akamzuia, machozi yakaanza kumlenga. Shangazi, ambaye mnajua hasafiri bila leso, akatoa moja ya jozi akamfunika gubigubi. Binti akaingia kanisani uso juu, mgongoni amebeba lile jina la leso ambalo Shangazi alilinunua makusudi kumsuta jirani. Jirani mwenyewe huenda anasomewa barua hii sasa hivi, kwa hiyo jina silitaji.

Kahawa ilitufilisi. Wataliani hunywa wamesimama kaunta, kikombe kidogo, wanaondoka. Ukikaa mezani bei ni nyingine, na ukikaa mezani nje, penye uwanja maarufu, bei inapaa. Shangazi akasema kunywa umesimama si adabu wala si sunna. Tukakaa, kila mji. Thawabu ni zake, risiti ni za shemeji.

Pisa tulipita tu. Ule mnara ulianzwa mwaka 1173 juu ya udongo laini, ukaanza kuinama ungali unajengwa, nao wakaendelea. Mwaka 1990 ulifungwa, mafundi wakachimba udongo kidogo kidogo upande wa kaskazini mpaka ukarudi nyuma kiasi, ukafunguliwa mwaka 2001. Shangazi anasema mwenye nyumba angekuwa yeye, fundi asingelipwa.

Siena tulifika tarehe 15 Agosti, sikukuu yao, maduka mengi yamefungwa. Hawa ndio wanaokuja Malindi kulalamika kwamba kwetu mambo yanakwenda polepole! Kesho yake zikawa mbio za Palio, zinazofanyika Julai 2 na Agosti 16. Mji una mitaa 17, na kila mara wanakimbia farasi 10. Kila mtaa unaoshiriki unamwingiza farasi wake kanisani akaombewe. Uwanja wa Piazza del Campo hutandazwa udongo juu ya mawe, na wapandaji hawana matandiko. Tulisimama katikati ya umati saa nyingi juani, bure, kwa mizunguko mitatu inayokwisha kwa dakika moja na kitu. Farasi akimwangusha mpandaji njiani bado anaweza kushinda peke yake. Kwa sheria hiyo Shangazi aliwapa Wataliani heshima yote, akasema hata mbio za punda za Lamu ziifuate, maana punda ndiye anayekimbia.

Sasa jambo ambalo hakuwaambia. Miji hii ilijengwa kwa ajili ya miguu na punda, na katikati yake magari ya wageni hayaruhusiwi. Hakuna askari wala kizuizi. Kuna kibao chenye duara jekundu na kamera inayosoma namba ya gari. Mji mmoja, siutaji, Shangazi alishika ramani akasema, "Kata kulia, mimi nawajua hawa." Barua ya faini imefika wiki hii. Ukilipa ndani ya siku 5 unapunguziwa asilimia 30.

Kwa hiyo anayepanga kuja, apande treni: Verona, Florence na Pisa zote zina stesheni, na Siena unafika bila shida. Shemeji ameshalipa na punguzo amepata. Fungu la Shangazi ni nusu. Amkabidhi Mama, au atume kwa M-Pesa.